Wimbo Aliounasa Bi Raudha Kondo

Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2026, Bi Raudha Kondo anastaafu baada ya kuitumikia Redio Kizinga kwa miaka ishirini na sita. Mhasibu anasema ni ishirini na saba. Mwenyewe nilipomuuliza, aliangalia dari kidogo, akasema, "Andika mingi, baba. Inatosha." Basi tukubaliane kuwa ni mingi, na kwamba karibu wote tunaofanya kazi hapa Mtoni tumeikuta redio hii ikiwa na yeye ndani yake.

Mkurugenzi aliniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu, ukurasa mmoja, mambo yaliyonyooka. Nimejitahidi. Ila kuna jambo lililotokea mwaka jana ambalo mpaka leo halijaninyookea, na Bi Raudha ameniambia kwamba nisipoliandika hilo, basi nisiandike kitu. Wasomaji wanisamehe nikizidisha ukurasa.

Bi Raudha alizaliwa hapa hapa Mtoni, binti wa pili wa Mzee Kondo, dereva wa kreni bandarini. Dada yake, Bi Tabu, amemzidi miaka minne. Nyumba yao ilikuwa na redio ya Mzee Kondo, iliyokaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma, na mwaka 1976 ikapata mgeni: teprekoda ndogo ya betri aliyoileta Mjomba Jabiri, mdogo wa mama yao, ambaye alikuwa baharia. Mjomba aliileta ili familia imrekodie salamu akiwa safarini. Raudha, aliyekuwa na miaka kumi, akaigeuzia kazi nyingine.

Vijana wa studio wakimsikia akieleza mambo hayo huwa hawaelewi shida ilikuwa wapi. Leo wimbo unauandika jina kwenye simu, unakuja. Zamani wimbo ulikuwa unausubiri, nao ukitaka haukuja. Jumapili mchana, wakati wa salamu na nyimbo za wasikilizaji, Raudha aliitoa teprekoda kwenye boksi lake, akaiweka mbele ya redio, akapiga marufuku kelele. Mama haruhusiwi kugonga sufuria. Jirani akipiga hodi anaitikiwa kwa ishara. Dada Tabu anasimama dirishani ameshika waya wa antena, maana akiuachia tu, redio inaanza kukoroma. Raudha mwenyewe kajilaza sakafuni, vidole juu ya vitufe viwili, maana vilibonyezwa kwa pamoja. Ukibonyeza kimoja unajidanganya. Adui yao mkubwa alikuwa mtangazaji. Gitaa limeshaingia, yeye bado anasoma majina ya shangazi za watu. Raudha alisubiri anyamaze ndipo abonyeze, kwa hiyo karibu nyimbo zake zote hazina kichwa. Hujui zinaitwaje wala nani kaimba.

Nadhani ugomvi wake na watangazaji ulianzia hapo, na kwa kweli ndio uliomjengea maisha. Baada ya shule alifanya kazi kwenye kibanda cha kurekodi kaseti pale Tandika. Redio Kizinga ilipofunguliwa, akaajiriwa mapokezi. Siku moja Bwana Twaha, ambaye leo ni mkurugenzi wetu na wakati huo alikuwa mtangazaji kijana mwenye maneno mengi, alikuwa hewani akizungumza juu ya wimbo uliokwishaanza. Simu ya studio ikalia. Akaipokea moja kwa moja hewani.

"Msikilizaji, karibu! Unapiga kutoka wapi?"

"Napiga kutoka mapokezi," ikajibu sauti. "Braza, wimbo umeanza. Mwache mwenzio aimbe."

Mji mzima ulisikia. Bwana Twaha anasema alitamani ardhi ipasuke, lakini wiki iliyofuata ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule kuomba yule dada wa mapokezi ahamishiwe studio. Kutoka hapo Bi Raudha amekuwa fundi mitambo, kisha mtunza maktaba yetu ya sauti. Kompyuta zilipogoma wiki nzima, alitoa masanduku ya kaseti chini ya meza, tukaendelea kurusha matangazo kana kwamba hakuna kilichotokea. Amefundisha nusu ya watu wanaopokea mshahara hapa, nikiwemo mie, na ametugombeza wote.

Sasa nije kwenye hilo jambo.

Februari mwaka jana, katika maadhimisho ya redio yetu, nilitaka kipindi changu cha Jumamosi mchana kiwe na nyimbo ambazo wafanyakazi walizipenda utotoni. Bi Raudha alikuja na mfuko wa kaseti zake za zamani. Akatoa moja yenye ganda la kijani, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kitoto: Za Raudha, Usiguse.

"Huu hapa ndio wimbo wangu," akaniambia. "Jina silijui. Bendi siijui. Miaka yote nimeuliza, sijapata wa kunijibu."

Ulikuwa wimbo wa dansi, gitaa mbili na tarumbeta kwa mbali, mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba amemwachia taa dirishani kwa sababu hajui atapita njia ipi. Mwanzo umekatika kama kawaida. Lakini mwishoni, tarumbeta inapomalizia, kunasikika kitu kingine. Karibu kabisa na teprekoda kuna mwanamume anayeufuatisha wimbo mdomo umefumba, taratibu, kama mtu aliyejisahau. Halafu kitufe kinagongwa, kimya.

Bi Raudha alieleza hewani, na sauti yake haikutikisika. Alirekodi wimbo ule Jumapili moja ya mwaka 1977, mwenyewe, mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mguu mmoja juu ya goti. Wiki hiyo hiyo Mzee Kondo akaanza homa, na haikuchukua muda akafariki. "Huyo anayefuatisha ni baba yangu," alisema. "Hatuna sauti yake nyingine." Watoto wake wamekua na kipande kile, kila Idi walikuwa wanakisikiliza, wanaambiwa, huyo babu yenu.

Tukaupiga wimbo. Nilikuwa bado natazama dakika zilizobaki, simu ikawaka. Nikaipokea pembeni, si hewani.

"Huyo ni mume wangu!" Mwanamke alikuwa analia na kukimbia kwa wakati mmoja, ndivyo nilivyosikia. "Huyo anayeimba ni Fransis! Naitwa Anastasia, nipo Gongo la Mboto, nimetoka mbio kuomba simu kwa jirani. Msiuzime! Mmeupata wapi?"

Alinieleza kwa haraka kwamba marehemu Fransis aliimba bendi moja ya kiwandani kule Kusini, walikotoka, na kwamba waliwahi kuja Dar kurekodi redioni mara moja tu. Wimbo ule aliutunga mwenyewe. Hakuacha kaseti wala sahani ya santuri. Watoto wao hawajawahi kumsikia baba yao akiimba. Nikamuahidi kumpigia. Nikakata simu nikiwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini, nikamgeukia Bi Raudha nimwambie kuwa wimbo wake umepata mwenyewe. Simu ikawaka tena.

Safari hii alikuwa mzee, sauti kavu, hana haraka. "Naitwa Suleiman, napiga kutoka Kunduchi. Nimefungua redio yangu sasa hivi tu, nimeukuta wimbo unaendelea. Huyo alokuwa anaimba ni kaka yangu, Bakari. Nataka kujua nani kawapa sauti yake."

"Mzee wangu, shikamoo. Una uhakika?"

"Marahaba. Mwanangu, mie nimelala na Bakari kitanda kimoja utoto wangu wote. Unaniuliza uhakika?"

Bakari, alinieleza, aliimba kwenye bendi za hapa mjini, akaondoka nyumbani mwaka 1981 kwenda kutafuta maisha, hakurudi wala hakuandika. Mzee Suleiman alikuwa amebaki na picha moja tu.

Nilimweleza Bi Raudha. Akakunja uso. "Mmoja wao kakosea," akasema. Bwana Twaha naye akaingiwa na wasiwasi. Alitaka tusiupige tena wimbo ule, tusije tukaamsha kesi. Lakini jioni Bi Anastasia alinipigia kuuliza atausikia lini tena, na asubuhi Mzee Suleiman akanipigia kuuliza hilo hilo. Bi Raudha ndiye aliyeamua. Waje wote wawili, Jumatano, wasikilize tena wakiwa wametulia. Na ili mtu asije akasema ameunganisha unganisha, akamwita dada yake, Bi Tabu, aje awe shahidi kwamba wimbo ulirekodiwa mara moja.

Jumatano hiyo walifika mapema, wakakaa kwenye benchi la mapokezi bila kujuana. Nilipotoka kuwaangalia niliwakuta wanapiga soga vizuri kabisa, habari za joto na za barabara ya Pugu. Bi Anastasia alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Mzee Suleiman alikuwa na kofia yake ya kufuma na bahasha mapajani.

"Na wewe mama, umefuata nini huku?" mzee akauliza.

"Nimefuata wimbo wa marehemu mume wangu. Ule wa taa dirishani."

Mzee alitoa picha kwenye bahasha, kijana mwembamba mwenye suruali ya bugaluu, akaiweka juu ya benchi katikati yao. Bi Anastasia aliitazama, akatikisa kichwa, akarudisha macho mbele.

Tuliingia studio ndogo sote: wao wawili, Bwana Twaha, Bi Raudha, Bi Tabu kwenye kiti cha pembeni, na mie kwenye mashine. Nikaupiga.

Mstari wa kwanza tu, Bi Anastasia akajiziba mdomo kwa kiganja. "Mnamsikia anavyolivuta hilo 'dirishani'? Ni yeye. Na huyo Chiku anayemtaja si mpenzi wake, ni dada yake. Alituambia aliweka jina la dada kwa sababu lilikaa vizuri kwenye wimbo."

Niligeuka kumtazama Mzee Suleiman, nikitegemea abishe. Mzee alikuwa ametoa macho. "Mbona huyu siye?" akasema polepole. "Huyu simjui kabisa."

Bwana Twaha akashusha pumzi. Nadhani sote tulishusha. Jambo limekwisha, mzee alikosea, tumpe pole, tunywe chai. Wimbo ukaendelea. Ukafika katikati, ukapita, mwimbaji akarudi na ubeti wa mwisho, na Mzee Suleiman akainuka kwenye kiti kama aliyeitwa.

"Huyo! Huyo ndiye! Huyo Bakari!" Machozi yalikuwa yanamtoka, hayafuti. "Na anasema Tiku, hasemi Chiku. Tiku alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu!"

Bi Anastasia naye alikuwa ameondoa kiganja mdomoni. "Huyu siyo Fransis," akasema. "Alikuwa yeye, sasa siyo yeye."

Ndipo nilipokumbuka simu zile. Bi Anastasia alitoka mbio kumtafuta jirani wimbo ulipoanza tu, hakuusikia mwisho. Mzee Suleiman alifungua redio wimbo ukiwa umefika mbali, hakuusikia mwanzo. Kila mmoja alikuwa amesikia nusu yake. Nikalisema hilo. Badala ya kutuweka sawa, likatuchanganya zaidi, maana wimbo ulikuwa mmoja, maneno yale yale, gitaa zile zile, au tulivyodhani.

"Haiwezekani," Bi Raudha akasema. "Nimerekodi mie mwenyewe. Sikukiachia kitufe."

"Ulikiachia, Raudha."

Ni Bi Tabu.

Bi Raudha akamgeukia. "Dada, umekuja kunisaidia au umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kusema ninachokijua. Betri ziliisha katikati. Ulilia siku nzima, mpaka mama akatishia kukuchapa. Tulizianika juani, hazikufaa. Halafu baba akaumwa."

"Baba alikuwepo."

"Siku ya kwanza alikuwa zamu, bandarini. Kipande cha pili ulikipata baadaye, walipoupiga tena. Mjomba alikuwa ametuletea betri mpya. Redio ilikuwa imefunikwa kanga tangu msiba, hairuhusiwi mpaka arobaini. Arobaini ilipopita, wewe ndiye uliyeifunua. Mie nilikuwa nimeshika waya, Raudha. Nilikuwepo."

Wageni wetu hawakuelewa uzito wa maneno yale, lakini mie nilielewa, na Bwana Twaha alielewa. Kama kipande cha pili kilirekodiwa baada ya arobaini, basi yule mtu anayefuatisha wimbo mwishoni hawezi kuwa Mzee Kondo.

Bi Raudha alishika ukingo wa meza, akaniambia, kwa sauti ya kazi, ile anayotumia kila siku, "Benson, rudisha katikati. Hapo baada ya ubeti wa pili."

Nikarudisha. Akafumba macho.

"Tena."

Nikarudisha tena. Safari hii hata mie nilisikia. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inapanda kidogo kidogo, inakuwa nyembamba, inakimbia. Halafu kukawa na tiki ndogo, kama ukucha juu ya meza. Halafu wimbo ukaendelea kwa utulivu.

"Betri zikichoka, tepu inazunguka polepole wakati unarekodi," akawaeleza wageni. "Ukija kuipiga kwa betri nzima, ile sehemu inakimbia, kama mlivyosikia. Miaka yote nilidhani tepu imevutika." Akafungua macho. "Hapo ndipo nilipounga. Dada anasema kweli. Ni bendi mbili. Mama, mwanzo ni wa mumeo. Mzee, mwisho ni wa kaka yako. Nilikuwa mtoto, niliusikia wimbo wangu umerudi, nikasubiri ufike pale ulipokatika, nikabonyeza. Sikujali nani anaimba."

Angeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Kila mtu mle ndani alikuwa tayari kumwamini yeye kuliko dada yake, na ile tiki hakuna mwingine ambaye angeitafuta. Aliitafuta, akaionyesha, akijua inamchukulia nini.

Bi Tabu akaanza kulia. "Nilidhani unajua. Ulivyokuwa unawaambia watoto, nilidhani unawaambia tu wapate babu."

"Ningejuaje?" Bi Raudha akasema. Akatoka, akaenda maktaba, akafunga mlango.

Sikujua nifanye nini, nikawaletea wageni chai. Bi Anastasia aliuliza imekuwaje kaka wa Mzee Suleiman akaimba wimbo wa Fransis. Nilihofu ugomvi. Mzee Suleiman akafikiri, akasema Bakari aliwahi kuwasimulia kwamba wimbo wa taa alipewa na rafiki yake, mtu wa Kusini, walikutana mjini walipokuja kurekodi. Jina la rafiki hakulitaja, au alilitaja na yeye hakulishika.

"Fransis hakuwahi kuniambia habari za Bakari yeyote," Bi Anastasia akasema. Akakoroga chai. "Lakini Fransis hakuwa mtu wa kuniambia."

Wakatazamana. Mzee akaisogeza ile picha karibu na kikombe cha mama, na safari hii mama aliichukua, akaiangalia vizuri.

Bi Raudha alitoka maktaba macho mekundu, mkononi ana flashi mbili. Aliwauliza kama kila mmoja anataka kipande chake peke yake. Ni kazi ndogo, angeweza kukikata pale pale.

"Usikate," Mzee Suleiman akasema. "Utamwacha Bakari anaanzia katikati kama kichaa."

Bi Anastasia naye akataka wote. Jumapili iliyofuata alitupigia kutueleza kwamba watoto wake na wajukuu walikusanyika sebuleni, wakausikiliza, na mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akatoka kwenda kukaa nje peke yake. Wajukuu wao walicheza mpaka mwisho na kuuliza kwa nini babu anabadilika sauti.

Kwa wageni wetu, mambo yaliishia vizuri hivyo. Kwa Bi Raudha hayakuishia popote. Wiki kadhaa alifanya kazi kama kawaida, akinyamaza mahali ambapo zamani angetugombeza, na hilo lilitutisha wote. Siku moja aliniuliza, "Benson, mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea? Mie namwona. Kiti cha kamba, mguu juu, kikombe chake chini. Nani kaniwekea hayo kichwani?" Nilimwambia sijui. Mpaka leo sijui.

Akaona amalize shaka. Kama si baba, basi ni Mjomba Jabiri, maana ndiye mwanamume mwingine aliyekuwa akiingia nyumba ile. Mjomba bado yupo, mzee sana, anakaa kwa binti yake Mtoni hapa hapa. Bi Raudha alinichukua niende naye, labda kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Tulimkuta kibarazani. Tukampa shikamoo, tukamwekea kipande kile kwenye simu, karibu na sikio lake zuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani huyo?" akauliza.

"Siyo wewe, mjomba?"

"Mie?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mie tangu nizaliwe sijaimba hata kaswida. Na mwaka huo baada ya arobaini sikuwepo, nilikuwa melini. Betri nilimpa mtu awaletee."

"Mtu gani?"

Alifikiri. Alitaja jina moja, akalifuta, akataja lingine, akasema huyo naye alikuwa ameshahama. Binti yake akaja na uji, habari zikageukia mambo ya miguu yake. Usiku wa siku hiyo, nilivyoambiwa, Bi Tabu alimpigia mdogo wake kusema kwamba amefikiri tena na hana hakika. Huenda walirekodi mara tatu, huenda siku ya kwanza baba alirudi mapema. Bi Raudha alimwambia aache, asijichoshe.

Kwa hiyo, wasomaji, mtu yule hatumjui. Nimeisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kuna wakati nasikia mzee, kuna wakati nasikia kijana. Ni mtu aliyeingia nyumbani kwa watu mwaka 1977, akakuta mtoto kajilaza sakafuni mbele ya redio, akaupenda wimbo, akajisahau.

Juma lililopita Bi Raudha alikuwa ananikabidhi maktaba. Kaseti zote ameziacha, isipokuwa ile ya kijani, ambayo aliitia kwenye pochi yake. Nilimuuliza kama bado anaisikiliza. Akaniambia ndiyo, ameanza tena, na Idi iliyopita aliwawekea watoto na wajukuu wakaisikiliza kama kawaida.

"Ukawaambia ni nani?"

"Niliwaambia sijui." Akafunga zipu ya pochi. "Mama yule kapata wake. Mzee wa Kunduchi kapata wake. Huyu aliyebaki hana aliyekuja kumchukua, na mie nimemsikiliza miaka yote hii, Benson. Nimpeleke wapi? Atakaa na sie."

Bi Raudha Kondo, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Redio Kizinga, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa ukali wako, na kwa Jumatano ile. Mungu akupe afya na umri mrefu, akupe siku za kukaa kibarazani bila kuangalia saa. Ukikisikia kituo chetu kinakosea, namba ya studio unaijua. Tutapokea hewani.

Benson
Idara ya Vipindi